Kunguru, njiwa na mbayuwayu: je, Nuhu na Utnapishtim ni mtu mmoja?

Swali la msomaji: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa ualimu. Juzi nilitumiwa video inayosema kwamba Nuhu, Utnapishtim wa Babeli, Manu wa Wahindi na Deucalion wa Wagiriki ni mtu mmoja mwenye majina manne, na kwamba Biblia na Kurani zimenakili hadithi ya Wababeli. Kulikuwa na jedwali lenye alama za tiki: gharika, chombo, mlima, sadaka. Wote wanne walipata tiki zote. Nilimwonyesha dada yangu, akakasirika, akasema huo ni uzushi wa kuvunja imani za watu. Nani yuko sahihi? Na mtaalamu anajuaje kama watu wawili wa hadithi za kale, au miungu wawili, ni yule yule?

Marahaba, mwanangu. Nitakujibu kwa urefu kidogo, maana hilo la mwisho, mtaalamu anajuaje, ndilo lenye uzito. Mengine yatajibika tukishalimaliza hilo.

Ila nisikuweke roho juu. Nuhu na Utnapishtim wanatoka katika hadithi moja. Wanaosoma Kiebrania na Kiakadi (lugha ya kale ya Babeli), wawe waumini au wasiwe, kwa sehemu kubwa hawabishani tena juu ya hilo. Deucalion ni jamaa ambaye undugu wake umechanganyika. Manu, kwa ushahidi tulio nao, sioni sababu ya kumtia kwenye ukoo huo. Video imewapa wote wanne tiki zilezile, na hapo ndipo ilipokosea.

Ziangalie hizo tiki zenyewe. Mchukue mzee yeyote aliyekulia kando ya Rufiji au Tana, aliyeona mto ukiingia mashambani na kubeba vibanda na mbuzi. Mwambie akutungie hadithi ya maji kufunika dunia nzima na mtu mmoja kupona. Atakupa chombo, maana bila chombo huyo mtu hafiki kokote. Atakupa mlima, kwa kuwa maji yakipungua ndio wa kwanza kuchomoza. Atakupa sadaka au dua, kwani nani anayenusurika namna hiyo asishukuru? Vitu vyote vinne vinaletwa na hadithi yenyewe. Hata kama watunzi wawili hawakuwahi kusikiana, wataviweka.

Kwa hiyo sisi tunatafuta kitu kingine: jambo ambalo hadithi ingekwenda vizuri bila hilo, lakini limo huku na limo kule, tena mahali palepale katika mfululizo wa matukio. Likipatikana moja, unashtuka. Yakipatikana matatu manne, unaanza kuamini.

Na ndivyo ilivyotokea kwa mtu wa kwanza kuligundua jambo hili. Mwaka 1872 mjini London, George Smith alikuwa amekaa na vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Ninawi, kaskazini mwa Iraki ya leo, kutoka maktaba ya Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru wa karne ya 7 KK. Smith hakuwa msomi wa chuo kikuu. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akajifunza kuchonga nakshi za noti za benki, na mwandiko wa kikabari, yaani wa alama za umbo la kabari zilizochapwa kwenye udongo, alijifundisha mwenyewe kwa kwenda makumbusho wakati wa mapumziko ya mchana. Ameeleza mwenyewe kilichomsimamisha: macho yake yaliangukia mahali panaposema merikebu ilikwama mlimani, kisha njiwa akatumwa, akakosa pa kutua, akarudi. Kwa huyo njiwa akajua hapohapo kwamba ameshika kibao cha gharika. Tarehe 3 Desemba mwaka huo aliusoma ugunduzi wake mbele ya watu, waziri mkuu wa Uingereza, Gladstone, akiwemo.

Hebu tukae na ndege hao, kwa sababu ndio roho ya jibu langu.

Kibao hicho ni cha 11 cha utenzi wa Gilgamesh, utenzi wa kale wa Babeli juu ya mfalme wa jina hilo. Humo Utnapishtim anasimulia kwamba chombo kilipokwama kwenye mlima Nimush kilishikwa hapo, na siku ya saba akamtoa njiwa. Njiwa akaruka, akarudi, hakuona pa kutua. Akamtoa mbayuwayu, naye akarudi. Akamtoa kunguru. Kunguru akaona maji yamepungua, akala, hakurudi tena. Ndipo Utnapishtim akatoka na kuwatolea miungu sadaka juu ya mlima. Sasa fungua Mwanzo sura ya 8. Safina imeshakaa juu ya milima ya Ararati. Nuhu anamtoa kunguru kwanza, ambaye anazunguka huku na huko. Anamtoa njiwa, anarudi. Anangoja siku saba, anamtoa tena, anarudi jioni na jani la mzeituni. Anangoja saba nyingine, anamtoa, harudi. Ndipo Nuhu anatoka na kutoa sadaka ya kuteketezwa.

Mtu anaweza kunipinga: mabaharia wa kale walikuwa na desturi ya kuachia ndege ili kutafuta nchi kavu, na Pliny Mroma anaitaja desturi hiyo kwa mabaharia wa Sri Lanka. Basi kila mtunzi angeweza kuipata baharini kwake. Ni pingamizi la haki. Lakini baharia huachia ndege akiwa amepotea, ili aufuate uelekeo wake. Hapa chombo kimeshakwama mlimani, hakiendi popote; ndege hamwonyeshi mtu njia. Kwa kazi ya kupima maji, Nuhu angeweza kuchungulia tu, na kweli baadaye anaondoa kifuniko cha safina na kuchungulia. Desturi ya kibaharia imehamishiwa mahali ambapo haina kazi kubwa, na imehamishiwa mahali hapohapo katika hadithi zote mbili: baada ya mlima, kabla ya sadaka, kunguru na njiwa wote wakiwemo. Hilo siwezi kulieleza kwa bahati.

Ushahidi wa pili ni mdogo kuliko kucha, nami naupenda kupita wote. Kwenye Mwanzo 6:14 Nuhu anaagizwa kukipaka chombo lami ndani na nje. Wenzetu wa pwani wanaoijua kazi ya kalafati hawashangai: mbao peke yake hazizuii maji. Lakini neno la Kiebrania lililotumika hapo kwa lami ni *kofer*, na kwa maana hiyo halionekani mahali pengine popote katika Biblia ya Kiebrania. Waebrania walikuwa na maneno yao ya lami. Yapo kwenye habari za mnara wa Babeli na za kile kisafina alichowekwa Musa mtoto. Kwenye safina ya Nuhu tu ndipo linapotokea hili, na Kiakadi cha Babeli kinaiita lami *kupru*, neno lilelile linalotumika Utnapishtim anapokipaka chombo chake. Neno limekuja na merikebu yake, kama vile nanga na dira zilivyoingia katika Kiswahili pamoja na vyombo vya wageni.

Kuhusu Utnapishtim mwenyewe, yeye naye si wa kwanza. Kabla yake yuko Ziusudra wa Wasumeri, ambaye jina lake lina maana ya uhai wa siku nyingi, na Atrahasis, "mwenye akili nyingi", ambaye nakala yake kamili kuliko zote iliandikwa Babeli katika karne ya 17 KK. Hawa watatu kweli ni mtu mmoja, na hapa video ingekuwa na haki kamili kama ingewataja. Ndani ya kibao kilekile cha 11, mungu Ea anapojitetea mbele ya wenzake, anasema alimwotesha ndoto Atrahasis. Ukurasa mzima shujaa anaitwa Utnapishtim, halafu ghafla jina la zamani linachomoza. Mwandishi alikuwa na utenzi wa zamani mbele yake, akauhamisha, na mahali hapo mkono ukaliacha jina kama lilivyokuwa. Karne nyingi baadaye, mwanzoni mwa karne ya 3 KK, Berossus, kuhani wa Babeli aliyeandika kwa Kigiriki, anamwita mtu wa gharika Xisuthros. Litamke polepole: ni Ziusudra, limevaa nguo za Kigiriki. Jina limedumu zaidi ya miaka elfu moja na mia tano.

Hadithi ilifikaje kwa Waisraeli? Watu wengi husema ni wakati wa uhamisho, baada ya Yerusalemu kuanguka mwaka 586 KK na Wayahudi kupelekwa Babeli. Huenda. Lakini njia zilikuwa wazi zamani zaidi. Kipande cha utenzi wa Gilgamesh kimepatikana Megido, ndani ya Israeli ya leo, nacho ni cha kabla ya ufalme wa Daudi kwa karne kadhaa. Kipande cha habari za gharika kwa Kiakadi kimepatikana Ugarit, pwani ya Syria, cha karne ya 13 KK hivi. Vijana waliosomea ukarani katika miji ile walifundishwa Kiakadi kama vijana wa kwetu wanavyofundishwa lugha ya ofisini, na tenzi hizi zilikuwa vitabu vyao vya darasani.

Mpaka hapa mwenye video anaweza kusema: basi si nimesema? Wamenakili! Hapo ndipo ninapoachana naye. Ukishathibitisha kwamba hadithi mbili ni ndugu, kazi ndiyo imeanza, maana sasa unaweza kuona kila mmoja amegeuza nini.

Kwa nini gharika? Katika habari za Atrahasis, wanadamu waliumbwa ili wachimbe mifereji, kwa sababu miungu wadogo waliokuwa wakifanya kazi hiyo walichoka, wakachoma zana zao na kugoma. Wanadamu wakazaana, wakawa wengi, wakapiga kelele. Enlil, mkubwa wa miungu, akakosa usingizi. Akaleta maradhi, akaleta njaa, mwisho akaamua maji. Ndiyo sababu yenyewe: kelele. Ea, aliyekuwa amekula kiapo cha kutotoboa siri, akaenda kuuambia ukuta wa matete: sikia, ewe ukuta! Nyuma ya ukuta alikuwepo mtu wake. Na baada ya gharika, miungu wakakubaliana kupunguza watu: kuwe na wanawake tasa, kuwe na pepo wa kunyakua watoto wachanga, kuwe na makuhani wa kike wasiozaa.

Soma Mwanzo ukiwa na hayo kichwani. Dunia imejaa dhuluma; kosa ni la wanadamu dhidi ya wanadamu. Hakuna mungu wa kunong'ona ukutani akimficha mwenzake, kwani anayehukumu na anayeokoa ni mmoja. Na baada ya maji, baraka wanayopewa walionusurika ni hii: "Zaeni, mkaongezeke, mkaijaze nchi." Mwandishi yule aliijua hadithi ya zamani, akafika kwenye mlango uleule ambapo Babeli ilisema watu wapunguzwe, akasema kinyume chake kwa sauti. Hata sadaka imegeuzwa. Kule, miungu wameshinda njaa siku zote za gharika kwa kuwa hakuna wa kuwalisha. Wanaponusa harufu wanamzonga yule mtoa sadaka kama nzi. Ndivyo kibao kinavyosema, kama nzi. Katika Mwanzo harufu imebaki, Bwana anainusa, lakini njaa haipo, na nzi hawapo.

Kurani nayo inaigeuza habari hii upande mwingine. Katika Sura Hud ndege hawamo, vipimo vya merikebu havimo. Kilichojaa ni mdomo wa Nuhu akiwaonya watu wake na watu wakimcheka anapojenga jahazi, na yule mwana anayekataa kupanda kwa kudhani mlima utamkinga na maji. Baba anaita, wimbi linapita katikati yao. Chombo kinakaa juu ya Juudi. Mtu anayelinganisha kwa jedwali ataandika "mlima: tiki" na kuendelea, na yule kijana aliyezama mbele ya baba yake hatamwona kabisa, kwa kuwa jedwali halina safu yake.

Sasa Manu. Habari yake ya kale kabisa imo katika Shatapatha Brahmana, maandiko ya Kivedi, yaani ya dini ya kale ya Wahindi, juu ya ibada za sadaka. Asubuhi Manu ananawa mikono; samaki mdogo anaingia viganjani. Samaki anasema: nilee, nami nitakuokoa. Anaeleza kwamba samaki wadogo huliwa na wakubwa, basi uniweke kwanza kwenye mtungi, nikikua unichimbie shimo, nikikua zaidi unipeleke baharini. Mwaka wa gharika unafika, Manu anaingia merikebuni, anafunga kamba kwenye pembe ya samaki, samaki anamvuta hadi mlima wa kaskazini. Hakuna mungu aliyekasirika. Hakuna dhambi, hakuna kelele. Hakuna mke wala wanyama wawili wawili, hakuna ndege. Manu yuko peke yake kiasi kwamba inambidi atoe sadaka ya samli na maziwa mgando majini ili apatikane mwanamke. Kila kitu cha ziada kilichoko hapa, samaki, pembe, mtungi, hakipo Babeli. Kila cha ziada cha Babeli hakipo hapa. Yanayobaki ni yale manne ya mzee wetu wa Rufiji. Kisha angalia jambo hili: katika habari hiyo ya kale samaki hana jina la mungu. Katika Mahabharata, utenzi mkubwa wa Wahindi, anajitambulisha kuwa mungu Brahma. Baadaye, kwenye Purana, vitabu vya Kihindi vya visa vya miungu, ni mungu Vishnu. Ndani ya dini moja tu, "yule ni nani" limejibiwa mara tatu. Mwenye video amejibu kwa dini nne ndani ya dakika tano.

Deucalion anahitaji uangalifu zaidi. Kwa Wagiriki yeye ni mwana wa Prometheus. Anaelea kwenye sanduku siku tisa na mkewe Pyrrha, wanatua mlima Parnassus, wanaambiwa warushe nyuma yao mifupa ya mama yao, wanatambua kwamba mama ni ardhi na mifupa ni mawe. Mawe yakawa watu. Hilo ni la Kigiriki lenyewe, tena limekaa juu ya mchezo wa maneno, maana kwa Kigiriki jiwe ni *laas* na watu ni *laos*. Lakini baadaye Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, anamtaja Deucalion na njiwa. Na katika karne ya 2 BK, maandishi yenye jina la Lucian yanaeleza hekalu la Hierapolis, Syria, ambako watu walisema Deucalion aliingiza wanyama wawili wawili na kwamba maji yote ya gharika yalimezwa na ufa uliopo chini ya hekalu. Mwandishi anasema aliuona ufa huo, nao ni mdogo sana. Mara mbili kwa mwaka watu walibeba maji kutoka baharini na kuyamimina humo. Huyo wa Hierapolis ni mtu wa gharika wa Mashariki aliyepewa jina la Kigiriki. Kwa hiyo ukiniuliza kama Deucalion ni Nuhu, nitakuuliza: Deucalion wa wapi, wa mwaka gani?

Hivyo ndivyo Wagiriki walivyozoea kufanya. Herodotus, mwanahistoria wao, alipofika Misri aliandika tu kwamba Amun ni Zeus. Ilikuwa kama kutafsiri: mkubwa wa miungu wenu ni nani? Basi huyo ni Zeus. Tafsiri ya namna hiyo inakuonyesha jinsi watu walivyoelewana sokoni na mahekaluni. Asili ya mungu haimo humo.

Kwa upande wa miungu, kipimo chenye nguvu kuliko vyote ni jina, lakini jina lililopimwa kwa sheria ya sauti, sio kwa sikio. Mfano tunao vinywani mwetu. Kichewa cha Malawi kinasema *njala*, sisi tunasema njaa. Wao *-khala*, sisi kaa. Kiswahili kimeangusha ile *l* katikati ya irabu, tena sio mara moja, bali kwa utaratibu. Basi wanaposema *Mulungu*, unajua mapema utakachokuta kwetu: Muungu, na leo Mungu. Undugu wa jina hilo hauhitaji hata ulinganishe hadithi. Kwa njia hiyohiyo Zeus wa Wagiriki, Jupiter wa Waroma na Dyaus wa Wavedi wameunganishwa: majina matatu yanarudi kwenye neno moja la mbingu yenye mwanga, na yote matatu huambatana na neno "baba". Lakini ukiangalia vitendo, Dyaus katika Vedi hafanyi karibu lolote, na radi anayopiga Zeus huko inapigwa na mungu mwingine, Indra. Jina limebaki kwa mmoja, kazi imehamia kwa mwingine. Jedwali la tiki lingemuunganisha Zeus na Indra na kumsahau Dyaus.

Nipite haraka kwa wengine wawili ambao huwa wanatiwa kwenye video hizi. Yu Mkuu wa Uchina hana safina: baba yake alijaribu kuzuia mafuriko kwa matuta akashindwa, Yu akachimba mifereji miaka mingi, akipita mlangoni kwake mara tatu bila kuingia. Hiyo ni habari ya utawala na kazi. Misri nayo ina habari ya mungu kutaka kuwaangamiza wanadamu, ila Ra anamtuma mungu wa kike Hathor awaue, kisha anamlevya kwa pombe iliyotiwa rangi nyekundu kama damu. Maji hayamo. Katika nchi ambayo mafuriko ya Nile ndiyo mkate, nani angeyafanya adhabu?

Na je, kulikuwa na gharika ya kweli? Mito ya Tigri na Frati ilifurika mara nyingi. Mwaka 1929 Leonard Woolley alitangaza kukuta huko Uru, mji wa kale wa kusini mwa Iraki, tabaka la udongo wa mafuriko lenye kina cha zaidi ya mita mbili, na Shuruppak, mji wa Utnapishtim, nao una tabaka lake. Lakini matabaka hayo si ya wakati mmoja. Siwezi kukuonyesha gharika moja na kusema hii ndiyo.

Nirudi kwa dada yako. Amekosea kuuita ulinganisho wenyewe uzushi, maana vibao vipo na ndege wapo. Lakini hasira yake imegusa jambo la kweli: neno "wamenakili" limetumika kuwadharau watu walioifanyia kazi habari hii kwa moyo wao wote. Historia inaweza kumwambia hadithi ilipita wapi. Haiwezi kumwambia kama Mungu alisema na Nuhu. Mwenye video anayedai kwamba inaweza, kwa upande wowote, ametoka nje ya kazi yetu.

Na kuhusu kunakili, nina mfano wa nyumbani. Mwaka 1904 Moritz Merker, ofisa wa jeshi la Kijerumani aliyekuwa Moshi, alichapisha kitabu juu ya Wamasai. Aliamini Wamasai na Waebrania wana asili moja, na humo akaweka habari ya mtu mwema aitwaye Tumbainot, ambaye Mungu alimwagiza ajenge safina ya mbao, aingize familia yake na wanyama. Mwishoni zinatokea pinde za mvua nne, moja kila pembe ya mbingu. Ukiipima kwa kipimo chetu, njiwa na upinde vinakuambia wazi: hii imepita kwenye Biblia. Misheni zilikuwa zimeshafika Kilimanjaro kabla ya kitabu hicho, na Merker alikuwa akisikiliza kile alichotamani kusikia. Kwa asili ya Wamasai, habari ile haithibitishi alichotaka.

Lakini isome mpaka kwenye ndege. Tumbainot anamtoa njiwa, naye anarudi amechoka, kwa hiyo hakupata pa kutua. Siku kadhaa baadaye anamtoa tumbusi, na kabla ya kumwachia anamfunga mshale kwenye unyoya wa mkia. Anajua mambo ya tumbusi: akiona mzoga atatua, ataburuta mkia chini akila, na mshale utanasa. Jioni tumbusi anarudi. Mshale hana, na unyoya hana. Tumbainot anajua kuna mahali pakavu, na kuna mzoga juu yake. Jambo hilo halimo katika Mwanzo, halimo Babeli, halimo popote pengine ninapopajua. Limetoka kwa mtu aliyekaa mbugani akitazama tumbusi wakishuka kwenye ng'ombe aliyekufa. Msomee dada yako sehemu hiyo.